Nani Alimsindikiza?

Mtu amekutwa amekufa kondeni. Jeraha linaonekana, ila aliyemwua hajulikani. Katika kitabu cha tano cha Musa, mwanzoni mwa sura ya 21, Torati inaagiza la kufanya, na la kwanza kabisa si msako. Wazee na waamuzi watoke, wapime ardhi kuanzia pale maiti ilipolala hadi miji ya jirani. Wazee wa mji utakaoonekana uko karibu kuliko yote watachukua mtamba ambaye hajawahi kulima wala kuvaa nira, watamteremsha kwenye bonde la kijito lisilolimwa wala kupandwa, na huko watamvunja shingo. Watanawa mikono juu yake na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile, wala macho yao hayakuona ikimwagwa. Kisha makuhani wataomba damu ya asiye na hatia isiwekwe juu ya watu.

Ni aya tisa tu, na Wayahudi wamekuwa wakizijadili kwa karibu miaka elfu mbili. Mimi nazisomea Chitete, Chitete ya Momba, yaliko makao ya halmashauri ya wilaya, si ile ya Ileje. Mpaka wa Zambia hauko mbali na hapa. Tunduma, na foleni yake ya malori yanayoelekea Lubumbashi, Lusaka na Harare, ndiko mtu wa huku anakoenda akiwa na jambo. Wapita njia ni wengi kuliko majina tunayoyajua. Kwa hiyo sheria hii kwangu si ya kale. Najua kabisa asubuhi ambayo ingehitajika: mchungaji wa ng'ombe anakuta mtu amelala kifudifudi kwenye majani ya mtoni, anamwita mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti anampigia mtendaji, na kabla hata ya polisi kufika watu wameshaanza kuulizana: hapa ni upande wetu au wao?

Sisi pia, basi, huwa tunapima. Tunapima kwa macho, kwa mkondo wa kijito, kwa mti uliowekwa alama ya mpaka wakati wa kugawa vijiji, na tunapima ili maiti iwe ya wenzetu. Kijiji kitakachobaki nayo ndicho kitakachoandika maelezo, ndicho vijana wake watakaokusanywa, ndicho kitakachochanga sanda na jeneza ndugu wasipojitokeza. Kila mtu anajua hesabu hiyo. Torati inachukua kitendo kile kile na kukigeuza: mji unapima ili ujue ni nani wa kusimama mbele ya maiti.

Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa Galilaya mwanzoni mwa karne ya 3, inalieleza jambo hili katika sura ya tisa ya juzuu ya Sota. Nani apime? Rabi Shimon anasema wazee watatu kutoka Baraza Kuu la Yerusalemu, Rabi Yehuda anasema watano. Wapime kuanzia wapi kwenye mwili? Rabi Eliezer anasema kitovuni. Rabi Akiva anasema puani. Rabi Eliezer ben Yaakov anasema shingoni, pale alipogeuzwa kuwa mtu aliyeuawa. Msomaji mwenye haraka atauona huu ubishi wa bure, maana kati ya kitovu na pua hakuna hata mkono mmoja mzima, na mji jirani uko maili kadhaa. Lakini Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya walimu wa baadaye juu ya Mishna, inapochimba ubishi huo inasema wanajadili uhai wa mtu unakaa wapi hasa, kwenye pumzi au pale mtoto alipounganishwa na mama yake. Marehemu hana jina. Hakuna dada wala kaka aliyekuja kumlilia. Na bado mabingwa wa sheria wa zama zao wanamwinamia na kubishana uhai wake ulikuwa wapi. Sijui heshima nyingine kubwa kuliko hiyo kwa maiti ya mgeni.

Kuna sharti lingine la Talmudi ninalolipenda zaidi. Hata maiti ikikutwa langoni kabisa pa mji, ambapo hakuna anayeweza kubisha ni mji upi uko karibu, bado lazima wapime. Kipimo hicho hakitafuti jibu, kwa kuwa jibu linajulikana. Kinatafuta kuonekana. Wazee kutoka makao makuu ya nchi wanavuka konde hatua kwa hatua mchana kweupe, watu wametoka majumbani wanawatazama, na kila mmoja anauona umbali kati ya mlango wake na mtu yule ukihesabiwa.

Halafu ndipo panapokuja tamko. Wazee wanasema mikono yetu haikumwaga damu hii. Mishna inasimama hapo na kushangaa: je, imempitia mtu yeyote akilini kwamba wazee wa mahakama ni wauaji? Kwa nini waape kwa jambo ambalo hakuna aliyewashuku? Jibu lake ndilo moyo wa jambo zima. Wanachokiri wazee ni kwamba mtu huyu hakufika kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila wa kumsindikiza.

Walimu wa Palestina na wa Babeli hawakulielewa tamko hilo kwa namna moja. Talmudi ya Yerusalemu inaeleza kwamba walimu wa nchi ya Israeli walilisoma kuhusu mwuaji: hakufika mikononi mwetu tukamwachia, hatukumwona tukalegea kumhukumu. Walimu wa Babeli walilisoma kuhusu aliyeuawa: hatukumnyima chakula, hatukumwacha njiani peke yake. Masomo yote mawili yana uzito, na nchi yenye mahakama zinazolegea inalihitaji sana lile la kwanza. Ila la Babeli linafika mbali zaidi. Lile la Palestina linamdai hakimu, askari, mtu mwenye cheo. La Babeli linamdai kila mwenye chungu jikoni na miguu ya kutembea. Wapo wafafanuzi walioliendeleza hata wakasema: huenda njaa ndiyo iliyomsukuma marehemu kunyang'anya watu njiani, na katika kunyang'anya akauawa. Hata hapo, wazee wanaulizwa alikula wapi mara ya mwisho. Marehemu si lazima awe mtu mwema ndipo mji udaiwe.

Kusindikiza mgeni tunakujua. Mgeni akiaga hapa Chitete, mwenyeji haagi akiwa amekaa. Anachukua mfuko wa mgeni, hata uwe mwepesi, na kusema ngoja nikusogeze. Wanatoka pamoja. Penye njia panda mgeni anasema rudi sasa, mwenyeji anasema bado kidogo, na mazungumzo ya maana mara nyingi huanza hapo, yale ambayo hayakusemeka mbele ya watoto. Wakifika barabarani mwenyeji ndiye anayesimamisha bodaboda, ndiye anayekubaliana bei, tena kwa sauti, ili dereva ajue mtu huyu ana wenyewe. Siku hizi wapo wanaopiga picha namba ya pikipiki. Ukifika nibipu. Mwenyeji harudi nyumbani mpaka vumbi litulie, na simu isipolia jioni, halali vizuri.

Talmudi inaona katika desturi ya namna hii suala la uhai na kifo, na inaipangia viwango. Mwalimu amsindikize mwanafunzi hadi viungani mwa mji. Rafiki amsindikize rafiki hadi mwisho wa mwendo unaoruhusiwa siku ya Sabato. Mwanafunzi amsindikize mwalimu maili kadhaa. Rabi Meir anafundisha kwamba asiyesindikiza, na hata asiyekubali kusindikizwa, ni kama mmwaga damu, naye anatoa mfano mzito: laiti watu wa Yeriko wangemsindikiza nabii Elisha, wale vijana waliomdhihaki njiani wasingeraruliwa na dubu. Mji uliokaa ndani siku ile ulipoteza watoto wake. Maimonides, alipokusanya sheria zote za Kiyahudi Misri katika karne ya 12, aliandika kwamba thawabu ya kumsindikiza mgeni ni kubwa kuliko ya kumkaribisha. Mgeni akiwa ndani kwako analindwa na ukuta wako. Akiwa njiani hana ukuta.

Wahenga wa Kiyahudi wanalifungamanisha somo hili na Yusufu. Yakobo alimtuma kijana wake kutoka Hebroni kwenda kuwaangalia kaka zake, na alichorudishiwa ni kanzu iliyolowa damu. Kwa miaka mingi mzee yule aliishi na kifo kisichojulikana aliyekisababisha. Yusufu alipojulikana yu hai Misri, alimpelekea baba yake alama ambayo ni wao wawili tu walioielewa: ilimkumbusha somo walilokuwa wakilisoma pamoja siku walipoachana, nalo lilikuwa somo la mtamba aliyevunjwa shingo. Kila nikiifikia simulizi hii namwona Yakobo akihesabu upya hatua alizomsindikiza mwanawe asubuhi ile, na pale alipomwacha aendelee peke yake.

Jambo ambalo sheria hii inakataa kulifanya ni kubwa sawa na lile inaloliagiza, na huku kwetu Songwe tunalihitaji. Kifo kisichoeleweka hapa kimekuwa kikiwaita lambalamba, wapiga ramli wanaodai kufichua wachawi. Wanakuja kwa mwaliko, kaya zinachangishwa, wanapita nyumba kwa nyumba wakinusa na kuchimba, na mwisho wa siku pembe au chupa yenye dawa inafukuliwa uani kwa bibi mmoja mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Kijiji kinalala kimepata jibu. Mwenye jibu hilo shingoni ni yule bibi. Waingereza walitunga sheria ya uchawi Tanganyika mwaka 1928, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli nchi nzima kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Viongozi wa mkoa na wilaya wamewatimua lambalamba kila wanapojitokeza. Wanarudi kwa sababu hitaji limebaki. Watu hawawezi kuishi na kifo kisicho na mwenyewe.

Torati inalijua hitaji hilo vizuri, na inalijibu bila kukitafutia kifo mwenyewe wa uongo. Hakuna ramli bondeni. Hakuna anayetajwa. Hasira yote ya mji, hofu yake yote, inapelekwa kwenye swali ambalo jibu lake halimwumizi jirani: sisi tulio karibu, tulimfanyia nini alipopita? Majirani zetu Wanyakyusa waliwahi kuwa na kitu kinachokaribiana na hili. Monica Wilson, aliyeishi kati yao miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwa kirefu jinsi ibada zao zilivyodai kwamba wenye kinyongo wakitoe hadharani kwa kinywa, wakiri hasira zao, maana kinyongo kilichofichwa ndicho kilichoaminika kuleta ugonjwa na kuharibu nchi. Wazee wa bonde la Torati wangeielewa ibada hiyo.

Sijasema kwamba wafafanuzi wote wanaridhika na mtamba. Hata wao anawasumbua. Mnyama mchanga, hana kosa, anapigwa kwa shoka kutoka nyuma ya shingo. Wala si sadaka ya madhabahuni, na nyama yake hailiwi. Kuna maelezo ya Talmudi kwamba asiyezaa aletwe mahali pasipozaa, afidie yule aliyezuiwa kuzaa. Walimu wenyewe wakauliza: na mzee aliyeuawa je, ambaye hangezaa tena? Wakajibu kwamba matunda yanayokusudiwa ni matendo mema ambayo mtu angeyafanya kama angeachwa aishi. Kwa jibu hilo hata mkongwe wa miaka tisini ameibiwa kitu.

Maimonides, katika kitabu chake cha kuwaongoza waliochanganyikiwa, anatoa sababu ya mtu wa mahakamani. Wazee wakitoka, wakipima, wakileta mtamba, habari inazagaa. Watu wanazungumza sokoni na kisimani. Anayejua kitu atakisema, na hata kijakazi akisema fulani ndiye aliyeua, shingo ya mtamba haivunjwi, kazi inarudi kwenye ushahidi. Tena ardhi ya bonde lile hairuhusiwi kulimwa tena milele, hivyo mwenye shamba atahangaika usiku na mchana mwuaji apatikane kabla ardhi yake haijapotea. Huu ni upelelezi kwa njia ya kishindo. Nachmanides, mfafanuzi mwingine wa Torati, hakuafiki. Kama lengo ni hilo, alisema, basi kitendo chenyewe hakina thamani, ni mbinu tu; na kama ni mbinu, shamba zuri lililolimwa lingefaa zaidi kuliko bonde kavu. Kwake ibada hii ni ya jamii moja na yule mbuzi anayepelekwa jangwani Siku ya Upatanisho, siri ambayo akili haiifikii yote. Mfafanuzi Ibn Ezra alikuwa mkali kuliko wote wawili. Kama wenyeji wa mji ule wasingekuwa wamefanya uovu unaofanana na huo, alisema, isingetokea mtu kuuawa karibu yao.

Nampa haki Maimonides kwa habari ya ardhi. Mkulima wa Momba akiambiwa ekari zake hazitalimwa tena mpaka ukweli ujulikane, ukweli utatembea. Lakini Ibn Ezra ndiye anayeninyima usingizi.

Wapo Waafrika Mashariki wanaoisoma sura hii hadharani kila mwaka. Abayudaya wa Mbale, Uganda, walioifuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoikumbatia mwaka 1919, wakaishikilia hata Idi Amin alipoipiga marufuku, huifikia Agosti au Septemba kama Wayahudi wote duniani. Ndiyo inayofunga somo la Sabato liitwalo Waamuzi, na huangukia siku za kujiandaa kwa toba kabla ya mwaka mpya. Somo linaanza na agizo la kuweka waamuzi katika malango yote na linaishia kwa maiti isiyo na mwenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo mimi na walimu wa Mishna tunaachana. Wanasema: maiti ikikutwa karibu na mpaka wa nchi, au karibu na mji ambao wakazi wake wengi ni wa mataifa mengine, hawapimi wala hawaleti mtamba. Inachukuliwa kwamba waliomwua ni wageni. Ukiwa Yerusalemu unaweza kuisoma sheria hiyo na kuendelea. Ukiwa Momba huwezi. Sisi ni mpaka. Mstari unaotutenganisha na Zambia ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890, nao ukawapasua Wanyamwanga katikati, ndugu wakabaki huku na ndugu kule. Na msamaha ule wa Mishna tunautumia kila siku bila kuusoma popote. Atakuwa Mzambia. Atakuwa wa kwenye malori. Atakuwa Mhabeshi. Baada ya neno hilo hakuna anayepima.

Mhabeshi huyo ana anakotoka. Wengi wao ni vijana wa kusini mwa Ethiopia, hasa Hadiya na Kembata, wanaoelekea Afrika Kusini, na njia yao inakatiza Kenya na Tanzania, kisha Malawi au Zambia. Juni 2012, katika kijiji cha Chitego, wilayani Kongwa, miili ya zaidi ya watu 40 ilikutwa imetupwa porini. Walikosa hewa ndani ya lori, na dereva akawashusha, wafu na walio hai pamoja, akaondoka. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa katika msitu wa Mtangatanga, Mzimba, kaskazini mwa Malawi, na ndani yake ilikuwamo miili 25 iliyoaminika kuwa ya Waethiopia, na mingine ikapatikana baadaye. Desemba 11 mwaka huo huo, miili 27 ilikutwa imetupwa kandokando ya barabara eneo la Ngwerere, kaskazini mwa Lusaka. Mtu mmoja kati yao alikutwa bado anapumua.

Barabara kuu ya kutoka Tanzania kuingia Zambia ni moja, na inapita Tunduma. Sijui njia waliyopita wale wa Ngwerere, na sitamtuhumu mtu. Ila kuna mtu mahali fulani aliyewauzia maji, aliyeona turubai likitikisika lori likiwa limesimama, aliyesikia kugongwa kwa bati usiku. Mishna ingemwita huyo, na ingemwita si kwa kuwa ameua. Ingemwuliza walipita kwako, wakaondoka wakiwa na nini mkononi, na nani pembeni?

Najua jibu lake, na si jibu la mtu mbaya. Kuficha au kusafirisha wahamiaji wasio na vibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, watu wamefungwa, magari yametaifishwa. Hofu hiyo inashuka mpaka kwenye kikombe cha maji. Magereza yetu yenyewe yaliwahi kujaa vijana hao hadi Januari 2021, Rais Magufuli alipompokea Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia huko Chato na kutangaza kuwaachia Waethiopia zaidi ya 1,700. Lakini hata Talmudi haikudai mtu avunje sheria ili amsindikize mgeni. Inakumbuka yule Mkanaani wa kitabu cha Waamuzi aliyewaonyesha wapelelezi njia ya kuingia mji wa Luzi. Hakutembea nao hatua moja, alionyesha tu kwa kidole, wengine wanasema alikunja tu mdomo kuelekea upande ule, na kwa kidogo hicho aliokoa ukoo wake mzima. Mtu anayenyoosha kidole kuonyesha kisima ameshaanza kusindikiza.

Na Wayahudi wenyewe wameshavuka mpaka uliowekwa na Mishna. Septemba 1982, wanamgambo Wakristo wa Lebanon waliingia katika makambi ya wakimbizi ya Sabra na Shatila mjini Beirut na kuua Wapalestina kwa mamia, wakati jeshi la Israeli limeyazunguka makambi hayo. Tume iliyoongozwa na Yitzhak Kahan, rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli, ilitoa ripoti yake Februari 1983. Waliomwaga damu hawakuwa Waisraeli. Waliouawa hawakuwa Waisraeli. Mahali palikuwa nje ya nchi. Kwa kila kipimo cha sura ya tisa ya Sota, pasingeletwa mtamba. Hata hivyo tume ilizitaja aya hizi za mtamba, pamoja na maneno ya Talmudi juu ya mgeni aliyeachwa bila chakula na bila msindikizaji, ili kueleza kwamba kuna lawama isiyo ya mkono. Waziri wa ulinzi, Ariel Sharon, akaondoka kwenye wizara hiyo. Najua walioiona adhabu hiyo kuwa ndogo mno kwa damu ile, na ni vigumu kuwabishia. Ninachokishika ni kwamba tume ilikataa kuutumia mpaka kama kinga.

Mishna inasimulia pia jinsi ibada ilivyokoma. Wauaji walipozidi, mtamba aliachwa. Inamtaja Eleazar ben Dinai, ambaye mwanahistoria Josephus naye anamwandika kama jambazi aliyetamba miaka ishirini hadi liwali Felix alipomkamata na kumpeleka Roma. Sababu ya kisheria ni kwamba mtamba huletwa penye shaka, na wakati ule mauaji yalikuwa ya wazi, kila mtu alijua ni nani. Naisoma sentensi hiyo nikikumbuka maneno ambayo Watanzania tumeyazoea kwa miaka kadhaa sasa: watu wasiojulikana. Tarehe 6 Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alishushwa kwenye basi Dar es Salaam na watu wenye silaha, abiria wakitazama. Mwili wake ulikutwa Ununio. Rais Samia alilaani na kuagiza uchunguzi. Tulilia, tulizika, na maneno yale yakaendelea kutumika, kana kwamba ni jina la kabila fulani. Kutojulikana kukizoeleka hakuna tena anayekuona ni shaka inayotaka wazee watoke wakapime.

Sipendekezi mtamba afe bondeni mwa Momba. Sheria ya nchi inao utaratibu wake wa kuchunguza vifo vya aina hii, na polisi wana kazi yao. Lakini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana kila miezi mitatu, na sioni kwa nini kijiji kilichokuta maiti ya mgeni kisiwe na ajenda moja: alipita kwa nani, alikula nini, nani alimwona wa mwisho, na mtu huyo alimfikisha wapi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari kama tunavyoandika michango ya zahanati. Wazee wa karibu wasimame waseme tulilofanya na tusilofanya, bila kumtaja mchawi yeyote. Kama kuna kijiji cha Zambia kilicho karibu zaidi, wazee wake waalikwe; wengi ni ndugu zetu kwa vyovyote. Atakuwapo mtu wa kusema kwamba tukishasema hayo tutaonekana tumelimaliza jambo, na mwuaji atapona. Talmudi ililifikiria hilo. Mwuaji akipatikana hata baada ya shingo ya mtamba kuvunjwa, mikono ikaoshwa na makuhani wakaomba, bado anapelekwa mahakamani, na kesi inaanza upya.